Uliza Kocha: Bingwa wa Uskoti na mfuko wake

Mwezi huu meseji zenu zimekuwa za mieleka tu, sijui nani amewasha huu moto. Nilikuwa nimepanga tuongee mambo ya soka, Gor na Shabana, sasa hiyo imesukumwa toleo lijalo, mtanisamehe. Nimechagua barua nne. Zingine zilikuwa zinauliza kitu kile kile, na mbili zilikuwa matusi.

Kocha, habari ya kazi. Mimi ni mtu wa boda hapa Kondele, Kisumu. Juzi tulibishana stejini na jamaa yangu mpaka karibu tupitwe na abiria. Yeye anasema mwanamieleka wa Uskoti ni tajiri, ati amemuona kwa TV amebeba mkanda wa dhahabu. Mimi nilisoma kwa simu habari ya Mskoti mwingine, wanasema ni wa ridhaa na ameshindana miaka karibu kumi na tano. Sasa mtu anakuwa wa ridhaa aje miaka yote hiyo, si ridhaa ni mtu anaanza? Na anakula nini? Tumewekeana mia mbili na chai, kwa hivyo jibu vizuri.

Mdogo wangu, mia mbili ni yako. Chai mgawane, kwa sababu jamaa yako hajadanganya, amemuona mtu wa kweli, ni vile tu amechanganya michezo miwili yenye jina moja, na hiyo nitaifikia kwa barua ya Nakuru hapo chini.

Ridhaa si mwanagenzi. Fundi akianza anaitwa mwanagenzi, akiiva anakuwa fundi, lakini mwanamieleka wa ridhaa anaweza kuiva, azeeke, astaafu, afundishe wajukuu, na bado ni wa ridhaa, maana anacheza kwa kupenda, hakuna mshahara unamngoja mwisho wa mwezi. Zamani hiyo sheria ilikuwa kali sana, ukipokea pesa umetoka. Siku hizi imelegea, kuna nchi zinapea mabingwa wao marupurupu na kazi jeshini, na sisi hapa tunaijua hiyo vizuri, hesabu tu wakimbiaji wetu walio polisi na magereza. Lakini mkanda wa dhahabu kama ule wa TV, wa kukufanya tajiri, hakuna. Kuna medali, inavaliwa shingoni siku moja halafu inaning'inizwa kwa msumari sebuleni.

Waskoti walianza mambo haya kitambo. Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens 1896, alikuwepo Launceston Elliot, ukoo wake wa Uskoti ingawa yeye alizaliwa India 1874 kwa sababu baba yake alikuwa kazini huko chini ya Waingereza. Jitu la miraba minne. Siku ya kunyanyua vyuma akainua kilo 71 kwa mkono mmoja akashinda, mtu wa kwanza kabisa wa Uingereza nzima kuwa bingwa wa Olimpiki. Akaona mambo ni matamu, akaingia mbio za mita 100, akaingia kupanda kamba, akaingia na mieleka. Enzi hizo hakuna uzani, watu ni watano na wote mko chungu kimoja, mkubwa kwa mdogo. Akapangiwa Carl Schuhmann, Mjerumani mfupi ambaye mchezo wake hasa ni jimnastiki. Sasa wewe wa Kondele, pesa yako ungeweka kwa nani? Kwa Elliot, hata mimi. Basi yule mfupi akamwangusha, Elliot akatolewa kwa mechi yake ya kwanza, na Schuhmann akaenda mpaka fainali na Mgiriki Georgios Tsitas, wakashikana mpaka giza likaingia ikabidi waende walale, wamalizie kesho yake. Huyo Mjerumani akashinda. Elliot naye baadaye alienda kwa majukwaa ya burudani kuonyesha nguvu mbele ya watu waliolipa kiingilio, na ridhaa yake ikaishia hapo.

Kuna mwingine ambaye hakutaka hata kusikia neno ridhaa. Donald Dinnie, alizaliwa 1837 huko Birse, Aberdeenshire, baba yake fundi wa mawe. Huyu alishindana kwa pesa waziwazi, mieleka, kurusha nyundo, kuruka, chochote kilichokuwa na zawadi, akaizunguka Uskoti yote halafu Marekani halafu Australia. Mwaka 1860 alibeba mawe mawili yenye pete za chuma akavuka nayo upana wa daraja la Potarch, moja lina kilo 188 na lingine 144 na nusu. Piga hesabu uone, hayo ni magunia matatu ya mahindi ya kilo tisini na juu yake umempakia mtu mzima, na yote unashika kwa vidole. Mawe yenyewe bado yapo, na watu wenye vifua kama milango wanakuja kuyajaribu, wengi wanarudi nyumbani wakipepesuka.

Kwa hivyo njia zilikuwa mbili toka zamani, ya Dinnie yenye pesa na ya Elliot, kabla hajaenda majukwaani, yenye heshima. Yule uliyemsoma kwa simu amefuata ya pili. Mchana ana kazi yake kama wewe una pikipiki yako, jioni ndio anaenda klabu kusugua masikio kwa mkeka (mkeka wa mieleka nasema, si ule mkeka wenu wa Jumamosi).

Na hapa ndio kuna kitu kinaniuma, hata kama hukuniuliza. Kwa Olimpiki Mskoti haendi kama Mskoti, anavaa jezi ya Uingereza nzima, na nafasi huko ni chache ajabu, mwaka 2012 Olimpiki ikiwa kwao London timu ilikuwa na mwanamieleka mmoja tu, Olga Butkevych, tena mzaliwa wa Ukraine. Kwa hivyo mahali pa Mskoti kuvaa rangi ya kwao ni Michezo ya Jumuiya ya Madola. Huko wamewahi kung'aa, 1934 London Edward Melrose alichukua dhahabu ya uzani mwepesi wa bantam. Lakini sasa angalia kalenda. Mieleka ilikuwepo Edinburgh 1986. Auckland 1990 wakaitoa. Victoria 1994 wakairudisha, Kuala Lumpur 1998 wakaitoa, Manchester 2002 wakairudisha, Melbourne 2006 wakaitoa, Delhi 2010 wakairudisha. Umeona? Kila mtu anasema michezo hii ni kila miaka minne, lakini kwa mwanamieleka wa Uskoti ilikuwa kila miaka minane, robo karne karibu yote. Mtoto akizaliwa wewe ukiwa unapigania medali, anafika darasa la pili ndio unapata nafasi nyingine. Ukiumia goti mwaka huo mmoja, pole, tuonane ukiwa na mvi.

Na ukifika, mechi ni vipindi viwili vya dakika tatu tatu na kupumzika nusu dakika katikati. Mtu akicheza mechi nne bila kukatwa mapema ni dakika 24. Miaka minane ya kuamka alfajiri kwa baridi ya Glasgow, kwa dakika 24! Ndio maana mimi Mskoti wa ridhaa akiniambia ameshindana miaka kumi na tano simuulizi ana medali ngapi, namuuliza nafasi zilikuja mara ngapi.

Waliobahatika ni kina Viorel Etko na Alex Gladkov, wao waliikuta nyumbani kabisa, Glasgow 2014, Etko akapata shaba kilo 61 na Gladkov shaba kilo 65. Sisi mwaka huo huo tulitoka hapo na dhahabu kumi, zote za riadha, na naamini hakuna hata mmoja kati yetu aliyegeuza chaneli kuangalia mieleka. Halafu Michezo ikapangwa kurudi Glasgow tena, 2026, mji ule ule, watu wale wale, mwanamieleka wa kule anasugua mikono, kufungua orodha akapata michezo ni kumi tu. Judo imo. Ngumi imo. Mieleka haimo.

Kwa hivyo mwambie jamaa yako alipe.

Kocha, mimi ni wa Bondeni, Nakuru, nimekua nikiangalia mieleka kwa vibanda vya video tangu ikiwa ya kanda. Swali langu fupi. Drew McIntyre si Mskoti? Roddy Piper si Mskoti? Sasa hiyo mieleka yenu ya ridhaa iko tofauti gani na ya hawa, na usiniambie ya hawa ni uongo, nitaacha kununua gazeti.

Usiache, tafadhali, tunakuhitaji.

McIntyre ni Mskoti wa haki, wa Ayr, na mkanda aliouona jamaa wa Kondele ni ule alimpokonya Mmarekani Brock Lesnar kwa WrestleMania ya 2020, lile onyesho kubwa la mieleka ya TV, ile ya wakati wa korona, ukumbi mtupu, mtu anakuwa bingwa na hakuna hata wa kupiga makofi. Roddy Piper sasa hapo ulidanganywa wewe na mimi na Bondeni nzima. Sketi ya Kiskoti, zile bomba za muziki zenye mfuko wa hewa, anatangazwa ametoka Glasgow, kumbe ni Mkanada, mzaliwa wa Saskatoon. Mimi niligundua nikiwa mtu mzima na nilikasirika siku mbili.

Neno uongo sitalitumia. Wale wanaanguka kweli na mgongo unauma kweli, lakini mshindi anajulikana kabla hawajatoka chumba cha kubadilishia nguo, ni kama mchezo wa kuigiza wenye mifupa ya kuvunjika. Ya ridhaa hakuna anayejua. Hakuna kamba, hakuna kiti, hakuna kuruka kutoka juu ya nguzo, ni duara la mita tisa, refa, na watu wawili, kila mmoja na vazi lake la kipande kimoja la kubana. Ukimpeleka chini ukatokea nyuma yake pointi mbili, ukimrusha akaanguka chali, yaani mgongo umeangalia mkeka, ni nne, ukimsukuma akakanyaga nje ni moja, ukifikisha tofauti ya pointi kumi refa anasimamisha, na ukishika mabega yote mawili chini kidogo tu basi, imeisha, hata kama ulikuwa unapigwa tisa kwa bila. Ukitaka kuona mtu aliyepita pande zote mbili muangalie huyo huyo Lesnar, alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani uzani wa juu mwaka 2000 kabla hajaenda kwa mikanda. Au Kurt Angle, dhahabu ya Olimpiki Atlanta 1996. Hao wakikushika hakuna kuigiza.

Salamu Kocha. Mimi ni mama, niko Khayega, Kakamega. Msichana wangu yuko kidato cha pili na mwalimu wa michezo amemuingiza kwa mieleka shuleni. Baba yake anasema huo si mchezo wa wasichana. Mimi sina shida na hiyo, shida yangu ni mbili, nimeona picha za wanamieleka wana masikio kama mandazi yaliyofinywa, na pili, ameanza kuruka chakula cha jioni anasema ni mambo ya uzani. Nifanye nini?

Mama, asante kwa hii barua, nimeisoma mara mbili.

La baba tulimalize haraka. Mieleka ya wanawake iko Olimpiki tangu Athens 2004, na nyinyi wa Khayega mnaokusanyika asubuhi kuangalia mafahali wakipigana mnatafuta nini kwa binti wa watu akishindana na mwenzake wa kilo yake? Mwambie ni mimi nimesema.

Masikio. Sikio likisuguliwa na kugongwa tena na tena, damu inajaa kati ya ngozi na ule mfupa laini wa ndani ya sikio, ikikaa hapo inaganda na sikio linakunjamana hivyo milele. Wanaume wa mieleka wengine wanajivunia, kwao ni kama cheti. Binti yako si lazima. Kuna kofia za kufunika masikio, azivae mazoezini kila siku, na siku sikio likivimba laini kama puto usingoje lipoe lenyewe wala usilikande na maji moto, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo watoe hiyo damu na wafunge vizuri. Ukingoja wiki mbili umechelewa.

La chakula ndilo lilinifanya nisome mara mbili. Mama, huyo mtoto bado anakua. Asiruke chakula cha jioni. Uzani upo ili watu wapigane haki, lakini watu wameugeuza, kila mtu anataka ashuke chini ya kilo zake ili akutane na mdogo wake. Wanaacha maji, wanakimbia wamejifunga nailoni, wanatema mate kwa chupa, nimeona na haya macho. Mwaka 1997 Marekani wanafunzi watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache wakikausha mwili namna hiyo. Na hata wakubwa wenye madaktari inawageuka. Vinesh Phogat wa India, yule aliyechukua dhahabu yake ya kwanza ya Madola huko Glasgow 2014 kwenye kilo 48, alifika fainali ya Olimpiki Paris 2024 kilo 50, usiku kucha hakulala, akakimbia, wakamkata mpaka nywele, asubuhi mizani ikasoma gramu mia zaidi. Gramu mia mama, ni kipande cha sabuni. Wakamtoa, fainali hakucheza.

Sasa nenda shuleni, usitume mtu, uongee na huyo mwalimu uso kwa uso. Muulize mtoto ana kilo ngapi akiwa ameshiba na amekunywa maji, halafu mwambie hizo ndizo atapigania. Akikataa, mtoe. Akikubali, ongeza mayai na ndengu kwa sahani yake na umuache aende.

Ndugu Kocha, mimi ni mzee wa Ahero, nilicheza olengo, mieleka yetu ya Kijaluo, ujana wangu mpaka nikaoa. Mjukuu wangu amenionyesha kwa simu wanaume wa Uskoti wamevaa sketi wameshikana viuno. Nikamwambia hiyo ni olengo wameiba. Nimekosea?

Shikamoo mzee. Kuiba sijui, lakini ukishuka pale uwanjani na nguo yako ya kawaida ungejisikia nyumbani.

Hiyo inaitwa backhold. Ni mieleka yao ya asili, wanaicheza kwenye michezo ya vijijini wakati wa kiangazi pamoja na kurusha magogo na bomba za muziki, na ndiyo wanamieleka wengi wa kule waliikuta utotoni kabla ya kuona mkeka. Mnasimama kifua kwa kifua. Kidevu chako kwa bega lake la kulia, chake kwa lako. Mkono wako wa kulia unapita chini ya kwapa lake la kushoto, wa kushoto unapita juu ya mkono wake, halafu nyuma ya mgongo wake unafunga vidole, na yeye anafunga vyake nyuma yako. Refa anangoja mpaka wote wameshika sawasawa, anasema anzeni. Kutoka hapo kazi ni miguu na nyonga, kuchota, kuinua, kuzungusha. Atakayegusa chini kwanza kwa chochote kisicho nyayo ameshindwa, goti tu limekutosha. Na kuna kitu ambacho sisi utotoni hatukuwa nacho, ukiachia vidole vyako kabla mwenzako hajagusa nyasi, umeshindwa pia, hata kama bado umesimama. Wanacheza raundi tano, wa kwanza kupata tatu amebeba.

Usiwadharau kwa sababu ya sketi, mzee. Ni watu wa nguvu na hata kwa mbio wametusumbua, unakumbuka Edinburgh 1970, Kipchoge Keino alichukua 1500 vizuri lakini kwa mita 5000 Waskoti wawili, Ian Stewart na Ian McCafferty, walimtangulia akawa wa tatu.

Baada ya kusoma barua yako nilienda ufukwe wa Dunga Jumapili, nikamshika jirani yangu mvuvi pale mchangani, sheria zile zile za backhold nikamweleza mara mbili na akakubali kwa kichwa. Raundi ya kwanza nikamwinua kabisa, nikaskia miguu yake imetoka chini, nikasema leo ndio leo, halafu vidole vyangu vikateleza kwa ile jasho na mafuta ya samaki iliyokuwa kwa shati lake na mikono ikafunguka. Akarudi chini kwa miguu yake miwili amesimama wima. Watoto waliokuwa wanaangalia walijua sheria kuliko mimi, wakapiga kelele mzee ameachia, mzee ameachia. Raundi ya pili na ya tatu sina haja ya kueleza.